Daktari Ametajwa

Mume wangu, Daktari Abbasi, alitibu wagonjwa wa akili wa wilaya mbili, Kasulu na Kibondo, lakini mwenyewe alikuwa na ugonjwa ambao hakuujulia dawa: alitaka kusomwa. Nalisema hili kwa mapenzi, maana nampenda yeye pamoja na ugonjwa wake. Wanaume wengine wakitoka kazini huuliza jikoni kuna nini. Abbasi kabla hajavua viatu alikuwa ananiuliza, "Mama Kuruthumu, posta wameleta nini?"

Yeye mtu wa Pangani, mimi mzaliwa wa Kasulu, binti wa Abdalah muuza vitambaa, ambaye watu wake walitoka Ujiji. Serikali ilimleta kwetu mwaka wa sabini na mbili, ule mwaka watu walipokuwa wanatolewa kwenye miji yao, maboma yao ya zamani huko milimani, na kuwekwa pamoja katika vijiji vipya. Alikuja na sanduku la vitabu na koti la mvua, akagundua kwamba mvua ya Kasulu haijui koti. Akaingia dukani kwa baba kununua kitambaa cha suruali. Wiki iliyofuata akarudi kununua kingine, kisha kingine, mpaka baba akamwuliza kama anakusudia kufungua duka la kushindana naye. Hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Kiha hakukijua hata kidogo. Kule Kibondo alimkalisha mzee mmoja akamwuliza anaumwa nini, mzee akajibu, "Umutima." Abbasi akafurahi kwamba neno hilo amelielewa bila msaada, akatoa mpira wake wa kusikilizia, akampima mzee wa watu mapigo ya moyo, kifuani na mgongoni. Mzee alimwacha ampime kwa sababu ya adabu tu. Aliponisimulia jioni nilicheka mpaka nikashika mbavu, na kuanzia siku hiyo nikawa nafuatana naye kwenye Landrova kumfasiria.

Wazee wale hawakuumwa moyo wa kudunda. Walikuwa wanasema, "Umutima wasigaye," yaani moyo umebaki nyuma. Walikula, walilala, ukiwaamkia walikuitikia. Lakini ukipita kule milimani ulikuta mmoja wao ameketi peke yake majanini, pale ilipokuwa nyumba yake kabla ya kuhamishwa, hafanyi lolote. Ukimwuliza anatafuta nini anakwambia moyo haukupanda lori pamoja naye. Anasema kwa utulivu kabisa, kama anayekueleza kwamba amesahau jembe.

Na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Zamani kila mji ulikuwa na mlima wake, na jirani ulimsikia kwa mbali akiita mbuzi. Sasa watu walikuwa ukuta kwa ukuta na wasiowajua. Wakaanza kuulizana: yule bikizee anakwenda kule majanini kufanya nini? Amefukia nini? Mtoto akiugua, watu wanakwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli anataja jina. Kwetu mtu akisema "fulani ametajwa," hana haja ya kueleza ametajwa kwa lipi. Aliyetajwa anahama, na asipohama anahamishwa kwa moto.

Bibi Josepha wa Kitahana alitajwa. Migomba yake ilikatwa, na mwanawe Benedicto akaambiwa achague: amwondoe mama yake au aondoke naye. Abbasi alimkuta Josepha amefunga mzigo wake, amekaa juu yake, amevaa rozari yake shingoni, anasubiri aambiwe aende wapi. Akampakia kwenye Landrova. Kibondo palikuwa na nyumba moja nyuma ya zahanati, iliyokuwa stoo ya magunia. Akaomba ufunguo, tukafagia, tukatandika mikeka, Josepha akalala hapo. Wakafuata wengine wa namna yake, na watu wakaanza kuiita Nyumba ya Kupumzika. Hakukuwa na dawa nyingi. Kulikuwa na shamba dogo la maharage, chungu kikubwa, na Abbasi kuja kila wiki kukaa nao na kuwasikiliza, mimi katikati nikigeuza Kiha kuwa Kiswahili. Mara nyingine aliwachukua kwenye Landrova, mmoja mmoja, akawapeleka kwenye miji yao ya zamani waketi kadiri wanavyotaka, kisha akawarudisha. Wengi walipona hivyo. Josepha alipona, akabaki kuwapikia wengine, maana Kitahana hakukuwa na mahali pa kurudi.

Mambo haya ndiyo aliyoyaandika. Kabla ya hapo alikuwa ametoa makala tatu: moja ya homa na kuweweseka, moja ya kifafa, na ya tatu siikumbuki, na nadhani hata aliyeichapisha haikumbuki. Hii ya nne aliiandika kwenye meza yetu ya kulia, tukawa tunakula mkekani majira yote ya masika. Ilichapishwa ng'ambo mwaka wa sabini na tano, katika jarida la madaktari wa akili. Walimpelekea nakala kadhaa zilizofungwa vizuri. Aliziweka juu ya kabati, na kila mgeni aliyekuja kutuona alijikuta anaonyeshwa kabati.

Kisha tukasubiri ulimwengu useme kitu.

Ulimwengu ulinyamaza muda mrefu, na mume wangu akawa wa kuhurumiwa. Athuman, karani wa posta, alikuwa akimwona kwa mbali anaanza kutikisa kichwa kumwambia hakuna. Halafu zikaanza kuja kadi. Wenye utaalamu wao wana desturi hiyo: mtu akisikia kuna makala mahali asipoweza kuipata, anamtumia mwandishi kadi kumwomba nakala. Moja ilitoka mji wa Ibadani, nyingine Praha, nyingine Skotilandi. Abbasi aliruka ruka sebuleni na kadi ya Praha mpaka Kuruthumu, binti yetu, akadhani kuna sikukuu akaomba nguo mpya.

"Basi sasa umeridhika," nikamwambia.

"Bado, Mama Kuruthumu. Kuniomba nakala si kunitaja."

"Kukutaja?"

"Ndiyo. Mtaalamu akiandika makala yake, aseme Abbasi amesema hivi na hivi. Hapo ndipo unapojulikana kwamba umefanya kazi. Mimi nataka kutajwa."

Niliweka chini sinia la mchele. "Baba Kuruthumu," nikasema, "neno hilo ulitumie humu ndani tu. Ukitoka nje ya mlango huu, tafadhali usimwambie mtu kwamba unataka kutajwa."

Akacheka. Alidhani namtania.

Mwaka wa sabini na saba, wakubwa wa Dar es Salaam wakaandika. Walikuwa wanahitaji majengo ya kuwekea chanjo, na Nyumba ya Kupumzika ilikuwa stoo kwenye makaratasi yao. Daktari alitakiwa aoneshe kwamba kinachofanyika pale ni utafiti unaotambuliwa: amechapisha nini, na wataalamu gani wamemtaja. Wajumbe watakuja Kibondo kuangalia. Kama hakuna cha maana, jengo lirudi kuwa stoo, wagonjwa warudi vijijini kwao, na daktari ahamie ofisini Dar es Salaam.

Abbasi alisoma barua ile mezani, na chakula chake kikapoa. "Nikihamishwa nitaishi," akasema. "Lakini Josepha akirudishwa Kitahana?" Migomba ilikuwa imechipua, lakini waliomtaja walikuwa hai, tena majirani.

Akamwandikia rafiki yake Kipriani, aliyesoma naye, aliyekuwa anafundisha Dar es Salaam mahali penye maktaba kubwa. Huko, aliniambia, kuna kitabu kinene ambacho kazi yake yote ni kueleza nani kamtaja nani, katika makala ipi. Nikamwambia kitabu cha namna hiyo kikiletwa Kasulu kitachomwa moto, na mwenye kukiandika asisimame karibu.

Kipriani hakuchelewa. Siku moja kabla ya wajumbe kufika, ikaja telegramu: UMETAJWA SANA. BARUA INAFUATA. HONGERA. KIPRIANI.

Athuman wa posta alikuwa mtu mwema sana, mwenye kasoro ya kuona kwamba habari ikikaa kinywani inaharibika. Aliiandika telegramu ile kwa mkono wake, akaisoma, akashtuka. Lile neno HONGERA hakulielewa limeingiaje, akadhani mashine imekosea. Alimtuma mtu atuletee karatasi yetu, kisha akafunga dirisha na kuvuka barabara kwenda kwa kinyozi. Kabla ya adhuhuri soko zima la Kasulu lilijua kwamba daktari ametajwa, tena sana, na lori la muhogo lililoondoka kwenda Kibondo liliondoka na habari hiyo.

Bwana wangu yeye alitoka barabarani na telegramu mkononi, anameremeta. Wa kwanza kukutana naye alikuwa Bi Mwajabu, jirani yetu mkaanga maandazi.

"Shikamoo, Bi Mwajabu! Umesikia? Nimetajwa!"

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Pole."

"Pole ya nini? Nimetajwa sana!"

"Ya Rabi. Na nani?"

"Wengi! Wengine hata kwa sura siwajui. Mpaka watu wa Ulaya wamenitaja!"

Bi Mwajabu aliweka mkono kichwani. "Mpaka Ulaya," akasema taratibu. "Baba, umewakosea nini watu wa Ulaya?"

Nilimvuta mume wangu ndani kwa shati. Kisha nikaenda kwa Bi Mwajabu nikakaa kwenye kigoda chake nikamweleza kwa kirefu: kwamba huku ni kutajwa kwingine, kwa wasomi, kutajwa kwa heri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifungia maandazi kwenye karatasi, akanishika mkono. "Nimekuelewa, binti Abdalah," akasema. "Kama hivyo ndivyo mlivyokubaliana kusema, hata mimi wakiniuliza nitasema hivyohivyo." Nikaona siwezi kufanya zaidi. Lile lori la Kibondo, hilo sikulikumbuka kabisa.

Kesho yake tuliondoka mapema. Abbasi alivaa suti yake ya harusi, telegramu mfuko wa ndani. Njia nzima alikuwa ananiuliza kama aitoe mwanzo au asubiri aulizwe. Nikamwambia asubiri aulizwe, mtu anayejitaja mwenyewe hapendezi. Barabara ilikuwa tope jekundu, na tulipofika tulikuta wajumbe wametangulia.

Tulikuta na wengine. Uani palijaa watu. Wagonjwa wetu wote walikuwa nje, na ndugu zao, na watu kutoka Kitahana, na wengine walisema wametembea kutoka Kasanda. Niliwaamkia, "Mwakeye!" Wakaitikia kwa sauti za chini, wakatusogelea, wakasimama kati ya mume wangu na wale wageni. Nilidhani ni adabu ya kupokea wakubwa. Josepha alikuwa mbele kabisa, kitenge chake cha kanisani, rozari nje ya nguo, na mwanawe Benedicto ubavuni. Huyo Benedicto ndiye aliyewahi kuambiwa achague.

Wajumbe walikuwa wawili. Mkubwa wao alikuwa Daktari Immakulata, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Wa pili alikuwa Ndugu Tharsisi, mwenye mafaili, kijana msafi sana ambaye tope la Kibondo lilikuwa limemkasirisha tangu alfajiri. Walizungukia mikeka, jiko, shamba la maharage. Daktari Immakulata aliuliza maswali ya maana. Makala alikuwa amekwisha isoma, akasema ni nzuri, na nikaona masikio ya Abbasi yanabadilika rangi.

Ndugu Tharsisi akafungua kalamu. "Makala nzuri ni nyingi, Ndugu Daktari," akasema kwa sauti ya mkutano, uwanja mzima ukasikia. "Kilichotuleta ni kingine, na jengo hili linategemea jibu lako. Je, umetajwa?"

Abbasi akavuta pumzi, akaingiza mkono mfukoni.

"Oya!" Yaani hapana.

Alikuwa Josepha. Alikuwa amekwisha simama mbele ya Ndugu Tharsisi, mfupi, kichwa kikimfikia kifungo cha shati. "Hajatajwa," akasema. "Hakuna muntu amemutaja huyu. Nani anasema ametajwa? Aje hapa aseme mbele yangu."

"Bibi, mimi namwuliza daktari..."

"Mimi nakaa Kitahana," Benedicto akadakia. "Kule wanataja watu sana, ninyi mnajua. Huyu hawajamutaja."

"Hata Kasanda hajatajwa!" akapaza mwingine nyuma.

"Hata Kasulu!"

"Hata Burundi! Mimi nina shemeji Burundi, angeniambia!"

Na uwanja mzima ukaanza kuapa. Kina mama waliapa kwa Bikira Maria, mwenye duka aliapa kwa Mwenyezi Mungu, na mgonjwa mmoja ambaye kwa miezi hatukuwahi kumsikia akitamka neno alisema wazi, "Hajatajwa," kisha akanyamaza tena. Walikuwa wamekubaliana. Lori la muhogo lilikuwa limewafikia jana, na wao walijua vizuri kuliko mtu yeyote kinachompata aliyetajwa. Wakubwa wametoka Dar es Salaam kuja kuhakikisha, basi wasiwape daktari wao.

Ndugu Tharsisi akaandika huku anasoma kwa sauti. "Wananchi wenyewe wanathibitisha kwamba hajatajwa." Akafikiri kidogo. "Wala Burundi."

Nilimtazama mume wangu. Nilijua alivyolisubiri swali lile. Nilijua kadi ya Praha, na kabati, na njia ya posta aliyoichimba kwa miguu yake. Karatasi ilikuwa kifuani pake, neno moja tu na Nyumba ingepona, na neno hilohilo lingemfanya Josepha kuwa mwongo mbele ya wakubwa, mbele ya kijiji kilichokwisha mtangazia ubaya mara moja. Mkono wake ukatoka mfukoni. Ulitoka na kitambaa, akaanza kufuta miwani.

"Daktari?" akasema Immakulata. "Na wewe unasemaje?"

"Bibi Josepha amesema," akajibu. "Mimi sina la kuongeza."

Nilimpenda wakati ule kuliko siku aliyoniposa. Na nilimkasirikia pia, maana mtu mpole akiachwa peke yake anaweza kupoteza nyumba, kazi na wagonjwa, huku anafuta miwani. Nikapita katikati ya watu.

"Yeye hana la kuongeza," nikasema. "Mimi ninalo!"

Nikawageukia Waha wangu kwanza, kwa Kiha, kwa ukali. Nikawaambia wamenitia aibu na wamenifurahisha. Nikawaeleza kwamba hawa wageni hawana mpiga ramli, kwamba kwa wasomi mtu akiandika jambo la kweli, wenzake wanalitaja jina lake ili watu wajue neno limetoka kwa nani, na kwamba jina likitajwa sana ndivyo nyumba hii inavyokaa. Kisha nikawageukia wageni, kwa Kiswahili, nikawaeleza kutajwa kwetu sisi ni nini, migomba na moto na yote, na kwamba telegramu ya kutajwa kwa wasomi iko mfukoni mwa daktari, barua yenyewe iko njiani kutoka Dar es Salaam. Ndugu Tharsisi alibaki na kalamu hewani. Daktari Immakulata aliinamisha uso, mabega yakatikisika, na alipouinua tena sikujua kama alikuwa anacheka au analia. Nadhani yote mawili.

Josepha alikuwa amekunja uso, anapima maneno yangu. "Hao waliomutaja," akaniuliza, "hawakumufukuza?"

"Hapana, Bibi. Wamemsifu."

"Basi watafute neno lingine. Hili limechafuka."

Watu wakacheka, uwanja ukalegea. Lakini yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama Abbasi, na nikaona kitu kimemwingia. Akamwuliza polepole, kwa Kiswahili chake, ili asikie mwenyewe bila mimi.

"Na mimi? Kwenye kitabu chako uliandika maneno yangu. Umutima wangu uliuandika. Ulinitaja?"

Abbasi akachuchumaa, suti ya harusi na tope, mpaka macho yao yakawa sawa.

"Hapana, Bibi. Niliandika mama mmoja mzee, mkulima. Hata Kitahana sikuiandika. Ulikuwa umekwisha tajwa mara moja, Bibi. Sikutaka nikutaje tena."

Josepha aliinua mkono, akamwondolea tope begani, ambalo hata halikuwepo.

"Kumbe ulinificha," akasema. "Na mimi leo nimekuficha wewe."

Daktari Immakulata akaniuliza bibi amesema nini, maana Kiswahili cha Josepha kinataka sikio lililokizoea. Nikamfasiria neno kwa neno. Akamwambia Ndugu Tharsisi aandike kwamba jengo libaki kama lilivyo, na daktari abaki nalo.

"Na hapa kwenye kutajwa, niandike nini?"

"Andika barua kutoka Dar es Salaam inasubiriwa," akasema. "Na hiyo Burundi uifute."

Tulikula pale, ugali wa muhogo na maharage ya lile shamba, na Ndugu Tharsisi akaongezewa mara mbili. Jioni tulipokuwa tunapanda gari, Abbasi akarudi kwa Josepha. Akamwambia anataka kuandika makala nyingine, na safari hii, kama yeye ataridhia, atamtaja kwa jina lake, ulimwengu ujue maneno yale ni ya nani. Kwake yeye hakukuwa na zawadi kubwa zaidi ya hiyo.

Josepha akatikisa kichwa. "Oya, mwana wanje, mwanangu. Ukitaka kunitaja, nitaje unaposali. Hapo hawamufukuzi muntu."

Barua ya Kipriani ilifika baada ya mvua kupungua. Ni kweli Abbasi alikuwa ametajwa, tena Praha na Ibadani na kwingine. Mmoja alikosea kuandika jina lake. Mwingine alimtaja ili aseme kwamba Daktari Abbasi amekosea kabisa, na huyo ndiye aliyemfurahisha kuliko wote, akanisomea kurasa zake mbili nzima nikiwa napika. Cheo hakikupanda. Nyumba ilibaki, na Josepha akabaki na chungu chake.

Lakini tangu siku ile, Abbasi akimaliza swala ya alfajiri na kuinua mikono, mimi huwa macho, nimelala nikimsikiliza. Anamwombea marehemu mama yake. Kisha anasema, kwa sauti ya chini lakini wazi, Josepha wa Kitahana. Kisha anamtaja Kuruthumu, kisha mimi. Mwanzo nilikuwa nalala tena akishafika kwangu. Siku hizi jina ninalolingoja ni la Josepha, nami nikilisikia naitikia amina.